Kabla hujalipia jina la waziri, soma kwanza chasisi namba

Mkuu umeuliza kama uongeze milioni 4 kwenye hiyo Benzi 280SE kisa dalali anasema ilikuwa ya waziri enzi za Mwalimu. Hilo lilishanikuta, tena gari hiyohiyo, bodi ambayo kiwandani inaitwa W116, iliyotengenezwa 1972 mpaka 1980, ndo ya kwanza Mercedes wenyewe kuiita rasmi S-Class.

Yangu nilinunua Ilala na dalali aliniimbia wimbo huohuo, waziri, sijui alikuwa anaenda nayo vikao Dodoma, sijui Mwalimu mwenyewe aliwahi kupanda siti ya nyuma (hapo nilitakiwa nishtuke lakini nilishaipenda, basi tena). Nikaongeza hela. Wiki 2 baadae nipo gereji Gerezani, fundi mmoja mzee kainama kwenye injini na kitambaa cha petroli anasugua masizi, akaniita, "dogo njoo usome hapa". Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi inaanza 11602412.

Akanifundisha palepale. 116 ni bodi, 024 ndo 280SE, tarakimu inayofuata ni steringi, 1 kushoto 2 kulia, na ile 2 ya mwishoni ni gia otomatiki. Sasa gari yangu steringi iko kulia! Akanishika mkono akaupeleka upande wa kushoto, kwenye ukuta unaotenganisha injini na ndani, kuna bati limechomelewa likapigwa rangi juu, ukipapasa unausikia mshono kabisa. Yaani imetoka kiwandani steringi kushoto, ikaja kuhamishwa huku. Waziri gani wa Tanzania anunuliwe gari mpya ya steringi kushoto?

Nikaanza kufukua. Chini ya kapeti la buti nikakuta kitabu cha sevisi cha Kifaransa, mihuri ya Bujumbura. Mzee aliyeniuzia nilipombana akasema yeye aliichukua kwa mfanyabiashara wa mawese Kigoma, akanipa namba ya mtoto wa huyo mfanyabiashara. Yule jamaa alicheka sana kwenye simu, akaniambia kaangalie sakafu ya buti. Kweli, kuna madoa manne meusi ya pembe nne, saizi ya dumu la mawese la lita 20, nimesugua na sabuni ya unga mpaka leo hayatoki na sasa hivi sitaki tena yatoke. Hao ndo wenye gari wangu, na kusema kweli nawapenda kuliko yule waziri, ila milioni zangu hazikurudi.

Kuna mtu hapo juu kasema Benzi za zamani zote zilikuwa za vigogo, hapana kaka. Neno wabenzi ndo linatudanganya. Gari ya vigogo kwelikweli ilikuwa ile Mercedes 600, ya Mobutu, Idi Amin, Tito, vioo na siti vinaendeshwa kwa haidroliki, na kwa miaka yote mpaka 1981 zilitoka 2,677 tu, hiyo hutaikuta kwa dalali Ilala. Ukitaka gari yenye wenyewe wanaojulikana nenda Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, Dar, uione Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya mkoloni kisha na Nyerere. Pale historia ya gari imetunzwa na taasisi, huyu dalali wako ana mdomo tu.

Kwa hiyo hizo milioni 4 zishike. Muombe kadi ya gari, nakala za mikataba ya kuuziana huko nyuma, hata picha moja ya zamani yenye pleti namba. Akikosa vyote mpe bei ya bodi na injini, na angalia kutu chini ya milango na kwenye pembe za kioo cha nyuma maana hapo ndo zinaoza.

Halafu fungua boneti, tuma hapa tarakimu 8 za mwanzo. Ikiwa 11602422 tuendelee kuongea. Ikiishia na 12 na steringi iko kulia, muulize dalali huyo waziri alikuwa wa nchi gani.