Hawalipwi hata senti

Umeuliza kama wale vijana wa mashati meupe na beji nyeusi, Wamormoni (waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho), wanalipwa dola kuzunguka mitaani wakihubiri. Hawalipwi, ndugu yangu. Gharama ni zao na familia zao: wanahudumu miezi 24 kwa wavulana, 18 kwa wasichana, na nchi hawachagui.

Tulikuwa na majirani kama hao mtaani Umoja, Nairobi. Mmoja, wa miaka 19, alitoka Utah, Marekani. Kwao mmisionari wa kiume huitwa Mzee, basi mama mboga alikuwa akicheka mpaka anashika kiuno. Siku ya kwanza mama yangu akamtilia chai ya maziwa yenye tangawizi. Kijana akatazama kikombe, masikio yakawa mekundu. Dini yao inakataza majani ya chai na kahawa. Akaomba maji ya moto, akashushia mandazi. (Mama alinuna siku mbili.)

Nikamuuliza kama hana shaka. Akasema anayo, hasa siku ya kupiga simu nyumbani, ambayo tangu 2019 ni kila wiki. Akishasali usiku inapungua. Hakusema inaisha, na hapo ndipo nilipomwamini, ingawa kanisani kwao sijaenda.