Dawa ya Viazi Iliyoacha Kufanya Kazi

SWALI: Mhariri, nalima viazi aina ya Shangi hapa Molo, ekari moja. Msimu uliopita dawa ya metalaksili iliniokolea shamba, lakini msimu huu nimenyunyiza mara nne na majani yanazidi kuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji moto. Je, niliuziwa dawa bandia? – Mama mkulima, Molo

JIBU: Pole sana, mama. Dawa yaweza kuwa halisi kabisa na bado ikashindwa. Kwanza hakikisha ugonjwa: geuza jani asubuhi na mapema, kabla umande haujakauka, na ukiona utando mweupe kuzunguka doa jeusi, hiyo ni baka jani chelewa (late blight).

Metalaksili, iliyoanza kuuzwa mwaka 1977, huyeyuka majini kwa takriban gramu 8 katika kila lita, na kwa sababu hiyo haibaki juu ya jani tu, bali hupenya ndani na kupanda pamoja na maji ya mmea hadi kwenye machipukizi ambayo bomba halikuyafikia. Kushuka haishuki vya kutosha, kwa hiyo majani ya chini, ambako unyevu hukaa, lazima yanyunyiziwe yenyewe.

Udhaifu wake ni kwamba humshambulia kimelea, yaani kiumbe kidogo kinacholeta ugonjwa huu, mahali pamoja tu: humzuia kutengeneza RNA, kemikali ya ndani ya seli ambayo bila hiyo hawezi kukua. Badiliko dogo katika kimelea linatosha kuishinda, na kila unapoirudia peke yake unawaua walio dhaifu na kuwaachia shamba walio sugu. Kufikia mwaka 1980, wakulima wa Ireland na Uholanzi walikuwa tayari wamekumbwa na usugu huo. Ndiyo maana huchanganywa na mankozebu, ambayo hukaa juu ya jani na kumpiga kimelea mahali pengi kwa pamoja, ingawa mvua huiosha.

Acha metalaksili msimu huu. Dukani kwa agroveti usitaje jina la pakiti. Soma kiungo tendaji, yaani jina la dawa yenyewe iliyomo, maana pakiti mbili zenye majina tofauti huweza kubeba dawa ileile. Omba ya kundi lingine, kwa mfano dimethomofu iliyochanganywa na mankozebu, na ufuate kipimo cha kibandiko. Mashina yaliyoungua yakate na kuyaondoa shambani wiki mbili kabla ya kuchimba, kwa kuwa mvua huteremsha mbegu za ugonjwa kutoka majanini hadi kwenye viazi vilivyo udongoni.