Mafuta ya karafuu yalinituliza, jino likaoza

Saa nane za usiku, mtaani Umoja, Nairobi, gego la chini linapiga kama ngoma na maduka ya dawa yamefungwa. Nikakumbuka kichupa cha mafuta ya karafuu nilichonunua Eastleigh kwa ajili ya nywele. Nikachovya pamba, nikaiuma. Baada ya dakika chache ganzi ikaingia, nikalala fofofo. Asubuhi ufizi ulikuwa umebabuka, mweupe, na chai ya moto ikawa adhabu.

Kinachotia ganzi, na kinachoipa karafuu harufu yake, ni yujenoli. Jina lake limetokana na Eugenia, jina la zamani la kitaalamu la mkarafuu. Kwa kawaida ni asilimia 70 hadi 90 ya mafuta hayo. Imo pia kwenye majani ya mdalasini. Huzuia neva kupeleka habari ya maumivu, lakini ikiwa kali hivyo huunguza nyama laini ya mdomo.

Kwa hiyo yapunguze makali: tone moja kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya nazi. Gusisha jino kwa pamba, mate uyateme. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aachane nayo. Na kichupa kiwekwe mbali kabisa na watoto. Kijiko kimoja au viwili vya chai vikimezwa vinaweza kumharibu mtoto mdogo ini.

Ukinunua, mimina matone kadhaa kwenye bilauri ya maji. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama. Kichupa changu cha pili, cha bei ya kutupa, kilielea chote juu kama mafuta ya chapati. (Muuzaji aliapa kwamba yametoka Pemba.)

Kosa langu kubwa halikuwa ufizi. Kila maumivu yaliporudi nilipaka, nikapanda matatu, nikaenda kazini. Wiki tatu hivyo.

Nilipofungua mlango wa daktari wa meno, harufu iliyonipokea ilikuwa ile ile. Nikadhani ni mdomo wangu. Akacheka: yujenoli huchanganywa na unga wa zinki oksaidi kutengeneza dawa ya kuziba jino kwa muda. Nikamwomba basi anizibe nayo. Akachungulia, akagonga gego kwa kijichuma, akaniuliza limeanza lini. Nilipotaja wiki tatu, akaiweka kando ile dawa ya kuziba na kuvuta sindano.