Badilisha kitu kimoja, kisha kifuate hadi jikoni

Vijana wengi wanaoniletea miswada yao ya riwaya za kisayansi hapa Dar es Salaam huanza na mambo kumi kwa mpigo: roboti, vita vya sayari, magari yanayopaa juu ya Ubungo, na mtawala katili anayesoma mawazo ya watu. Kabla sijafika mbali nimeshachoka. Kila kitu kinawezekana humo, na panapowezekana kila kitu msomaji hana cha kuhofia. Ushauri ninaowapa ni mmoja: badilisha kitu kimoja tu katika dunia hii tunayoijua, kisha kifuate bila huruma mpaka kifike jikoni kwa mama wa mhusika wako.

Chukua riwaya ninayoiandika sasa. Nimeusogeza mwezi. Wastani wa umbali wake kutoka duniani ni kilomita 384,400. Kwenye riwaya yangu uko nusu ya hapo. Sijaongeza kingine chochote.

Ukishafanya hivyo, acha hadithi kwanza, chukua karatasi upige hesabu. Nguvu ya mwezi inayoinua bahari hufuata mchemraba wa umbali: umbali ukigawanywa kwa 2, nguvu inazidi mara 8. Hapa kwetu, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa tayari inapita mita 3, na wavuvi wa Kunduchi hupanga safari zao kwa kuitazama. Sasa simama Feri ujiulize: soko la samaki litakuwa wapi? Pantoni ya Kigamboni itatia gati wapi? Maji yakipanda Mto Msimbazi yatamkuta nani Jangwani, ambako hata mvua za masika hufunga barabara? Hapo hujabuni kitu. Unasoma tu kile ambacho hesabu imekuandikia.

Endelea kufuata. Mwezi huo utaonekana mpana mara 2, na mbalamwezi yake itang'aa mara 4. Wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa wanahitaji giza; mbalamwezi ikikolea samaki hawajikusanyi kwenye taa zao, na wavuvi wengi hupumzika. Basi bei ya dagaa sokoni itabadilika, na chakula cha jioni cha mhusika wangu pia.

Kisha likaja jambo lililonikosesha usingizi. Mwezi ukiwa karibu hivyo unazunguka kwa kasi zaidi, na kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine hazitimii hata siku 10. Ramadhani itafungwa siku ngapi? Na eda ya mjane, miezi minne na siku kumi za kukaa nyumbani baada ya kufiwa na mume, itahesabiwaje? Nilimpelekea swali hilo shangazi yangu, mtu aliyesoma dini tangu utotoni, na tukalizungumza mpaka chai ikapoa. Aliniambia dharura ina hukumu yake, ila wapo bibi zetu ambao hawatavuka kizingiti kabla hawajaridhika kwamba siku zao zimetimia. Papo hapo nikaipata riwaya. Binti wa miaka 16 anaishi Kigamboni na bibi yake aliyefiwa na mume. Maji yanakuja, jirani wote wanahama, na bibi yuko kwenye eda. Masheikh wanatofautiana kuhusu hesabu. Binti anajua kusoma jedwali la maji kupwa na kujaa, bibi anaijua dini yake, na wote wawili wanapendana sana.

Mwandishi wa vijana, jambo hili lishike kwa mikono miwili: uamuzi ni wa yule binti. Usimlete profesa wa Mlimani aje kueleza kila kitu kwa kurasa tano, wala mjomba mwenye gari aje kuwaokoa. Wasomaji wetu ni wanafunzi wa sekondari. Siku nzima wamehutubiwa darasani, na wengi wao wanabeba nyumbani mizigo ya watu wazima: wanalea wadogo zao, wanauza vitumbua kabla ya shule, wanatafsiri barua za benki kwa wazazi. Wanastahili kukutana kitabuni na mtu wa rika lao ambaye neno lake ndilo linaloamua. Sayansi ieleze pale tu mkono wa mhusika unapoihitaji. Mchemraba wa umbali kwangu umeingia kwa sentensi mbili, binti akichora alama ya mkaa ukutani na kuona maji yameipita.

Sura ikikamilika, wasomee vijana kwa sauti. Usiwape karatasi, soma, uwatazame usoni. Mimi huwasomea watoto wa mtaani kwetu barazani, na maswali yao yamenirekebishia mengi kuliko mhariri yeyote. Mmoja aliniuliza kama jogoo watawika usiku kwa mwanga ule. Swali hilo sasa lina ukurasa wake.

Kuhusu riziki nitasema wazi, kwa sababu nawatakia mema. Soko kubwa la vitabu nchini ni la vitabu vya kiada, na riwaya ya vijana peke yake ni vigumu ikulipie kodi ya nyumba. Mimi naishi kwa kuhariri na kutafsiri, na riwaya naiandika alfajiri, kwenye daftari, kabla joto halijapanda na kabla simu hazijaanza. Daftari halijali umeme ukikatika. Kazi nyingine usiionee haya. Ndiyo inayokupa uhuru wa kukaa na mswada miaka miwili bila kuuharakisha.

Mswada ukiiva, peleka kwenye tuzo pia, siyo kwa wachapishaji tu. Tuzo ya Safal ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2014, hushindanisha pia riwaya, na ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma. Mchapishaji akikukubali, usisaini siku hiyohiyo. Tazama mkataba unachukua haki zipi: chapa ya karatasi, kitabu cha kielektroniki, kitabu cha kusikiliza, tafsiri, filamu. Zikiwa zimefungwa zote kwenye kifungu kimoja, omba zitenganishwe, kila moja na malipo yake na muda wake.