Nyumba Njema si Mlango

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili limetuuliza wasomaji kama sherehe za urithi, zile ambazo mji mzima huvaa nguo za zamani na kufungua majumba yake ya kale, humfundisha mtu historia au humpumbaza kwa mapambo. Nimelisoma nikiwa Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza, mji ambao huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kuishi ndani yake nikifanya kazi ya kutunza wazee majumbani, na ambao kila mwezi wa Septemba hujaa sherehe za aina hiyo hasa. Jibu langu ni kwamba inategemea mtu ameingilia mlango gani, na naomba nafasi ya kueleza.

Bath ni mji wa akina George. Wafalme wanne wa jina hilo waliitawala Uingereza wakifuatana tangu 1714 hadi 1830, na majengo ya kipindi hicho yameitwa kwa jina lao, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kushika mwiko wa mwashi. Katika miaka hiyo mji mdogo wenye chemchemi za maji ya moto uligeuka kuwa mahali ambapo matajiri walikuja kuoga, kucheza kamari, kucheza dansi na kuwatafutia watoto wao wachumba. Aliyeupa sura yake ni John Wood, ambaye alianza uwanja wa Queen Square mwaka 1728, kisha akabuni Circus, yaani duara la nyumba lililoanza kujengwa mwaka 1754, mwaka ule ule aliofariki. Mwanawe, ambaye naye aliitwa John Wood, alilimaliza duara hilo, na kati ya 1767 na 1775 akajenga Royal Crescent: nyumba thelathini zilizounganishwa kwa mpindo mmoja kama mwezi mchanga, zikitazama bonde kwa nguzo 114. Mji wote uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1987.

Jiwe lake ndilo lililonivuta mimi kwanza. Kwa mbali lina rangi ya asali, hasa jua la jioni likilipiga. Ukiliwekea jicho karibu utaona limeundwa kwa chembe ndogo za mviringo zilizoshikana, mfano wa mayai ya samaki, kwa sababu lilianza maisha yake chini ya bahari. Likitolewa machimboni huwa laini hata likakatwa kwa msumeno, kisha hukauka na kuwa gumu. Ralph Allen, aliyekuwa ametajirika kwa kazi ya kusambaza barua, alinunua machimbo ya Combe Down juu ya mji na kutengeneza njia ya reli ya kuteremshia mawe hadi mtoni, miaka takriban mia moja kabla ya reli za abiria. Bila mteremko ule na magari yale ya mbao, akina Wood wangebaki na michoro yao mezani.

Sasa nije kwenye sherehe yenyewe. Kuna msafara wa Septemba ambao mamia ya watu hupita mitaani wamevaa kama watu wa mwanzoni mwa miaka ya 1800: wanawake wamevaa magauni yaliyofungwa chini ya kifua na kofia za utepe, wanaume wana makoti yenye mikia na buti ndefu. Siwadharau hata kidogo, kwa maana wapo wanaoshona nguo hizo kwa mkono mwaka mzima, na mtu aliyeshona gauni kwa sindano amejifunza jambo ambalo mimi silijui. Lakini kila mmoja katika msafara ule amekuja akiwa bwana au bibi wa nyumba. Nimeutazama mara nyingi nikitafuta angalau mtu mmoja aliyevaa kama mbeba makaa, au kama mjakazi aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto, na bado sijamwona. Kwa msafara huo peke yake ningewajibu kwamba, ndiyo, tunapumbazwa, tena kwa raha zetu wenyewe.

Elimu yangu nimeipata katika zile siku ziitwazo Heritage Open Days, ambazo nazo huwa Septemba. Wafaransa ndio waliotangulia, mwaka 1984, kuwafungulia wananchi majengo ya kihistoria kwa siku maalumu, na Uingereza ikaanza yake mwaka 1994. Kiingilio ni bure, hata katika nyumba ambazo siku nyingine huwa za kulipia au hazifunguliwi kabisa, na jambo hilo si dogo kwa mtu wa kipato changu. Waelekezaji wengi ni wastaafu wanaojitolea, na ukipata aliyefanya kazi ya ujenzi, mshike mkono usimwachie.

Mmoja wa aina hiyo ndiye aliyenipeleka nyuma ya Royal Crescent. Waswahili tulikwisha kusema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, nami naongeza kwamba ukitoka ndani zunguka nyuma. Kwa mbele nyumba zile thelathini ni kama nyumba moja ya mfalme, nguzo kwa nguzo, dirisha kwa dirisha, bila kosa. Kwa nyuma ni mtaa wa kawaida: paa hili limepanda, lile limeshuka, hapa pametokeza choo, pale dirisha limekaa ambapo ngazi imelazimisha likae. Sababu yake ni kwamba Wood aliuza uso tu. Mnunuzi alinunua kipande cha uso ule kwa sharti asiuguse, kisha akatafuta fundi wake mwenyewe amjengee nyuma yake nyumba anayoitaka. Mwelekezaji alilieleza hilo bila kebehi, kama mbinu ya biashara ya mtu aliyejenga kwa fedha za wengine, nami tangu siku hiyo sijaweza tena kuutazama uzuri wa mbele bila kuwaza vyoo vya nyuma.

Kuna jambo dogo ambalo sherehe hizi hulikosea kila mwaka. Mgeni akiona dirisha lililozibwa kwa jiwe huambiwa upesi kwamba mwenye nyumba alikwepa kodi ya madirisha. Kodi hiyo ilikuwepo kweli, tangu 1696 hadi 1851, na wapo walioziba. Lakini madirisha mengi ya namna hiyo yalijengwa yakiwa yamezibwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu mjenzi alitaka upande wa kulia ulingane na wa kushoto, na nyuma ya mahali hapo palikuwa na dohani au ukuta wa chumba. Hadithi ya kodi ni tamu zaidi, na hadithi tamu haifi.

Swali zito zaidi ni fedha ilitoka wapi. Miaka michache iliyopita, katika nyumba moja ambayo sitaitaja, nilimwuliza mwelekezaji mwenye nyumba alipata wapi utajiri wake, naye akanijibu, "Katika biashara," kisha akatugeuza kutazama mapazia. Meza iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ya mahogani, mti uliokatwa na watumwa katika visiwa vya Karibi, na sukari ndiyo iliyolipa sehemu kubwa ya vitu vya namna ile katika nyumba za eneo hili. Juu ya kilima cha Lansdown, hapa hapa Bath, upo mnara uliojengwa na William Beckford katika miaka ya 1820, mtu aliyerithi mashamba ya miwa ya Jamaika tangu akiwa mtoto. Haifai kumwonyesha mgeni mandhari ya mnara bila kumwonyesha miwa.

Anayetaka kuona jambo hilo likifanywa vizuri na apande treni kwenda Bristol, mwendo wa robo saa hivi, aingie katika nyumba namba 7 ya Great George Street, ambayo sasa ni makumbusho. Ilijengwa yapata mwaka 1790 kwa ajili ya John Pinney, mfanyabiashara wa sukari aliyekuwa na mashamba katika kisiwa cha Nevis, huko Karibi. Huko Nevis, mwaka 1765, Pinney alikuwa amemnunua mvulana wa miaka 12 aitwaye Pero pamoja na dada zake wawili. Aliporudi Uingereza mwaka 1783 alikuja naye, na Pero akamtumikia hadi alipofariki mwaka 1798 bila kupewa uhuru. Makumbusho hayo yanalieleza jina la Pero waziwazi, na daraja la waenda kwa miguu katika bandari ya mji, lililofunguliwa mwaka 1999, linaitwa kwa jina lake. Nilisimama katika ngazi za nyumba ile, zile za kuteremkia jikoni na kwenye birika la mawe la kuogea maji baridi, nikajaribu kuhesabu ni mara ngapi kwa siku mtu mmoja alizipanda akiwa na beseni mkononi. Sisi tuliozaliwa Mji Mkongwe wa Unguja hatuna ubavu wa kuwanyooshea wengine kidole katika jambo hili, kwani soko la watumwa la kwetu lilifungwa mwaka 1873 tu, na karafuu zilizojenga majumba yetu hazikuchumwa na waliokaa barazani. Ndiyo maana natamani sherehe zetu nazo zijifunze kuteremka ngazi.

Na si watumwa na wajakazi tu wanaosahaulika, bali hata nyumba zao. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mji huu wa Bath ulibomoa mamia ya nyumba ndogo za mafundi na wafanyakazi za kipindi kile kile cha akina George, ukaacha makasri yake yakiwa yameng'arishwa. Watu walipopiga kelele, mitaa mingi ilikuwa imekwisha kwenda.

Nimalizie kwa kilichonifanya nichukue kalamu. Mwaka juzi, katika ua wa nyuma wa nyumba mojawapo iliyofunguliwa, nilimkuta mwashi wa makamo amesimama mbele ya meza yenye ndoo tatu. Ya kwanza ilikuwa na mawe ya chokaa yaliyokwisha kuchomwa, mepesi mkononi. Aliyamwagia maji nayo yakaanza kuchemka yenyewe na kufuka moshi, watoto wakarudi nyuma. Ya pili ilikuwa na chokaa iliyolazwa, nzito na nyeupe kama mtindi. Ya tatu ilikuwa imechanganywa na mchanga na manyoya ya mbuzi, tayari kwa lipu. Kabla hajasema neno pua yangu ilikuwa imekwisha kuijua harufu ile, kwa kuwa ndiyo harufu ya utoto wangu.

Alitueleza kwamba chokaa huvuta tena kutoka hewani kile ilichokipoteza motoni, na hivyo hurudi polepole kuwa jiwe, lakini jiwe linaloruhusu unyevu upite na kukauka. Saruji hufunga. Ukiziba viungo vya jiwe la Bath kwa saruji, maji hukosa njia na kupitia kwenye jiwe lenyewe, nalo hulika. Akatuonyesha kipande ambacho uso wake ulikuwa umebanduka kama ganda la mkate. Nikamwambia kwamba nyumba ya bibi yangu huko Mkunazini, Mji Mkongwe, ya mawe ya matumbawe, ilipigwa lipu ya saruji na fundi mmoja aliyetushawishi kuwa itadumu zaidi, na haikupita miaka minne kuta zikaanza kutoa jasho, rangi ikamenyeka, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zikaoza. Aliuliza boriti ni nini. Nilipomweleza kuwa ni miti ya mikoko, na kwamba vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu mkoko haukubali kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, alinyoosha mwiko wake kuelekea dari ya nyumba nyuma yetu na kusema kwamba wao waliagiza misonobari kutoka nchi za Baltiki, ndipo wakapata kumbi pana. Nusu saa ile, tukisimama kati ya ndoo, ilinifundisha kuhusu nyumba za Bath na za kwetu zaidi ya misafara yote.

Nikampigia simu ami yangu, ambaye alikuwa fundi chokaa kabla macho hayajamwishia nguvu, nikaielekeza kamera kwenye ndoo ya pili.

"Shikamoo, Ami. Tazama chokaa ya Waingereza."

"Marahaba, mwanangu. Isogeze karibu. Imelala muda gani hiyo?"

Nikamfasiria mwashi swali, naye akasema miezi minne. Nikalirudisha jibu Unguja, na kwa muda simu ikawa kimya, kisha Ami akakohoa.

"Mwambie amefanya kazi nzuri, mkono wake unaonekana. Lakini bado mbichi. Airudishe shimoni, mwakani ndiyo aitoe."

Nilisita kumfasiria hilo mbele ya wageni wake, lakini aliniuliza mzee amesema nini, nikamwambia. Alicheka, akaifunika ndoo, akachukua penseli iliyokuwa sikioni mwake na kuandika tarehe juu ya kifuniko.

Msomaji wenu,
Bath