Mwaridi umejaa majani, maua hakuna: niongeze mbolea gani?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Mwaridi wangu wa kutambaa umefika juu ya paa la baraza. Majani ni mengi, ila maua ni mawili matatu tu huko kileleni. Nasturtiamu niliyoipanda chini yake imetapakaa hadi njiani, nayo haina ua hata moja. Nimeshatia urea mara mbili na samadi ya kuku. Kijana anayepitisha miche ameniuzia dawa ya kuchanulisha maua, imo kwenye chupa ya maji ya kunywa. Niongeze nini?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Marahaba mama. Usiongeze chochote, na hiyo chupa usiifungue.

Haupiti mwezi sijaletewa swali hili, na karibu kila mara urea imeshamwagwa. Watu wameaminishwa kwamba mmea usiotoa maua una njaa. Mimea yako imeshiba kupita kiasi. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, na naitrojeni husukuma zaidi majani na machipukizi. Nasturtiamu ndiyo inayolionyesha hili waziwazi. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, na ukiipa jua na udongo hafifu usiotuamisha maji, inachanua mfululizo. Ukiilisha, inatanua majani tu.

Mwaridi wenyewe hula. Samadi iliyooza vizuri, mwanzoni mwa mvua, unaihitaji kweli (ile mbichi ya kuku huunguza mizizi). Kwa hiyo mimea hii miwili usiilishe shimo moja. Panda mbegu za nasturtiamu upya pembeni, pasipo na mbolea. Usihamishe miche, mizizi yake haipendi kusumbuliwa.

Lakini hata bila urea, mwaridi wako usingechanua huku chini, kwa sababu matawi yameachwa yapande wima. Chipukizi la kileleni hutoa homoni inayoyazuia yaliyo chini yake yasiamke. Laza tawi kwenye waya, karibu na usawa wa ardhi, na machipukizi yote ya mgongoni yataamka, kila moja litoe kitawi kifupi. Vitawi hivyo ndivyo vinavyobeba maua. Mwaridi hauna vikono vya kujishikilia kama mpesheni, kwa hiyo ufunge mwenyewe kwa vipande vya kitambaa. Waya mwembamba hukata gome. Matawi machanga hupinda bila shida. Yaliyokomaa yapinde kidogo kidogo kwa siku kadhaa, la sivyo yatavunjika. Au yazungushe kwenye nguzo ya baraza.

Sasa hao wauzaji. Wanaaminika kwa sababu wana njia moja: siku ya kunyunyiza wanakata pia maua yaliyonyauka na ncha za matawi. Miaridi mingi ya bustanini, ikikatwa hivyo, huchanua tena baada ya wiki sita hadi nane, kwa mkasi peke yake. Sifa inakwenda kwa chupa, na mama mwenye nyumba ananunua nyingine. Inaniudhi sana, maana pesa ndiyo hasara ndogo hapo.

Kilichomo humo hakuna anayekijua. Kama ni mbolea, ilipaswa kusajiliwa na TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea. Kama ni kiuatilifu, yaani dawa ya wadudu au magonjwa ya mimea, ni kazi ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ambao makao yao makuu yako hapohapo Arusha. Bidhaa halali ina lebo inayotaja kiambato, kipimo, na kwa kiuatilifu, siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hilo la kuvuna lisidharauliwe kwa kuwa ni maua: majani na maua ya nasturtiamu huliwa mabichi, yana ukali wa pilipili, na watoto huyachuma wakipita. Nimeona bustani nzuri zikinyunyiziwa dawa isiyojulikana kwa ajili ya vidukari tu, wakati maji ya bomba yenye nguvu kidogo, asubuhi, yangewaangusha wote.

Na dawa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, nyumbani penye mtoto au mgeni mwenye kiu! Iandike SUMU kwa wino usiofutika, ifungie mbali na jikoni, usiimwage mtaroni, kisha uipeleke ofisi ya kilimo ya kata yenu wakuelekeze pa kuikabidhi.