Mwenye Ngome Yetu Amelala Mlimani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ukipata siku moja tu ya ziada ugenini, utaitumia wapi?" Najua wengi watawajibu ufukweni au madukani. Mimi niliipata siku hiyo Hispania, nikaitumia kwenda kumzuru maiti.

Mimi ni fundi mwashi, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Nimeshika mwiko na timazi zaidi ya miaka thelathini, na kazi niliyoipenda kuliko zote ni kutengeneza nyumba kongwe za mawe ya matumbawe: kuchokora chokaa iliyooza, kutoa boriti iliyoliwa na mchwa, kutia nyingine. Binti yangu anasoma Madrid, akanialika nikakae naye wiki tatu. Siku zilipokaribia kwisha akaniuliza, "Baba, umebakisha wapi?" Nikamwambia nataka kwenda kwa yule aliyetujengea Ngomeni, yaani Fort Jesus yetu ya Mombasa.

Akacheka. "Ngomeni si wamejenga Wareno?"

Ndivyo tulivyofundishwa sote, wala si uongo. Ila mwaka 1580 mfalme wa Ureno alikufa bila mtoto, na Philip II wa Hispania, ambaye mama yake alikuwa binti wa mfalme wa Ureno, akakidai kiti kile huku jeshi likiwa nyuma yake. Mwaka 1581 akakubaliwa rasmi. Tangu hapo Goa, Msumbiji na vituo vya Wareno pwani yetu vikawa chini ya mtu mmoja. Mturuki Mir Ali Bey alipokuja na meli zake na watu wa Mombasa wakampokea, Wareno walijibu kwa kuishambulia Mombasa, kisha wakajenga ngome. Kazi ilianza 1593. Aliyechora ramani ni Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milan, na Milan nayo ilikuwa mkononi mwa Philip huyo huyo.

Basi mwenye ngome, Philip, amezikwa ndani ya jumba kubwa alilojenga San Lorenzo de El Escorial, mji mdogo chini ya mlima Abantos, safu ya Guadarrama, kama kilomita hamsini kutoka Madrid.

Tulikwenda Jumatatu, tukakuta pamefungwa. Jumatatu hufungwa, imeandikwa kila mahali, na hakuna wa kulaumiwa ila mimi niliyemkataza binti asitafute kwenye simu. Tukarudi Jumanne. Nikafanya kosa la pili: nikang'ang'ania treni. Treni inakuacha El Escorial ya chini, na jumba liko San Lorenzo, ya juu. Ni miji miwili, na kati yake kuna mlima wa kupanda. Goti langu la kushoto lilinikumbusha umri wangu mpaka tukafika uwanjani.

Nilipoinua macho nikanyamaza. Nimezoea majengo yanayotaka kusifiwa: mlango wa nakshi, baraza, roshani. Hili halitaki sifa. Ni ukuta wa granaiti ya kijivu, urefu wa mita 207 kwa upana wa mita 161, madirisha yamepangwa safu baada ya safu bila pambo. Binti alisema linafanana na gereza. Nikamwambia na Ngomeni ilikuwa gereza pia, mpaka 1958. Babu zake walipita pale nje wakigeuza nyuso.

Ndani yake kuna vyote: monasteri, kanisa, kasri, maktaba, shule na makaburi. Philip aliliwekea nadhiri baada ya jeshi lake kuwashinda Wafaransa huko San Quintín tarehe 10 Agosti 1557, siku ya Mtakatifu Laurenti. Huyo mtakatifu, kwa masimulizi ya Wakristo, aliuawa kwa kuchomwa juu ya wavu wa chuma, na husemwa kwamba jengo zima lilipangwa kwa umbo la wavu huo. Ukiitazama ramani yake, kweli: nyua zimekatwa miraba miraba kama wavu wa mishikaki, na vyumba vya mfalme vimechomoza nyuma kama mpini. Nikakumbuka kwamba Ngomeni, ukiitazama kutoka angani, ina umbo la mtu aliyenyoosha mikono. Enzi zile ramani nayo ilikuwa ibada.

Sasa niruhusuni niseme ya kifundi, maana ndiyo yaliyonikalisha pale. Jiwe la msingi liliwekwa 23 Aprili 1563, la mwisho 13 Septemba 1584. Miaka ishirini na moja kwa jengo la ukubwa ule! Sisi tuna misikiti iliyosubiri paa muda kama huo. Aliyeanza ni Juan Bautista de Toledo. Alipofariki 1567 kazi ikamwangukia Juan de Herrera. Herrera aliamua mawe yachongwe kukohuko machimboni, yafike yakiwa tayari, kazi ya pale iwe kuyapandisha na kuyakalisha tu. Fundi yeyote anaelewa faida yake: gari la ng'ombe halibebi vifusi, wala wachongaji na wajengaji hawagombanii nafasi. Wenyeji wa elimu wanaongeza kwamba walikuwa wakiiga hekalu la Nabii Suleiman, lililojengwa bila mlio wa nyundo. Na kweli, uani mbele ya kanisa wamesimama wafalme sita wa kale wa Kiyahudi, Daudi na Suleiman wakiwa katikati.

Ukiingia tu kanisani, angalia juu. Pale chini ya jukwaa la waimbaji kuna dari la mawe, na dari lile limelala karibu tambarare. Kwetu jiwe halilali hivyo. Unaweka boriti kwanza, ndipo mawe juu yake. Hapa hakuna boriti wala chuma: kila jiwe limechongwa ubavu wake uwe wa mshazari, libanane na mwenzake lisipate njia ya kushuka. Inasimuliwa kwamba mfalme aliogopa, akataka nguzo iwekwe katikati. Herrera akaweka nguzo ya bandia, kisha mbele ya mfalme akaipiga teke ikaanguka, dari likabaki. Kama si kweli, aliyeitunga hadithi hiyo alikuwa fundi aliyechoshwa na mwenye nyumba. Nilisimama chini ya dari lile mpaka shingo ikauma, na binti akawa anawaomba radhi waliotaka kupita.

Vyumba vya mfalme ndivyo vilivyonishangaza zaidi. Mtu mwenye Amerika, Ufilipino, Naples na Mombasa, halafu chumba chake ni cha kuta nyeupe, vigae vya buluu chini, na kitanda ambacho bwana harusi wa kwetu angekikataa. Ubavuni mwa kitanda kuna tundu la ukutani linalotazama madhabahu, apate kufuata misa akiwa amelala. Kiti chake cha wagonjwa kipo pia. Jongo lilikuwa limemmaliza miguu. Hapa ndipo alipotawala kwa karatasi, akisoma barua na kuandika pembeni mwake. Mombasa hakuiona maisha yake yote. Alifia chumbani humo 13 Septemba 1598, miaka kumi na minne kamili tangu jiwe la mwisho, baada ya kulala zaidi ya siku hamsini bila kuinuka.

Kutoka hapo unashuka ngazi za marumaru mpaka chini ya madhabahu. Chumba cha pembe nane, majeneza ishirini na sita ya marumaru nyeusi yaliyorembwa kwa dhahabu, yote sawasawa, yamepandishwa kama rafu za duka: wafalme upande mmoja, upande wa pili malkia waliozaa wafalme. Philip yupo na baba yake. Lakini maiti haingii humo moja kwa moja. Hukaa kwanza miaka mingi katika chumba cha pembeni kilichofungwa, paitwapo pudridero, mpaka ibaki mifupa ya kutosha kasha dogo. Sisi ambao maiti wetu wa asubuhi huzikwa kabla ya magharibi, jambo hili hatulipokei kwa haraka. Nilisoma Fatiha kimoyomoyo, kwa mazoea tu, kisha nikawaza kama ilifaa.

Aliyekimaliza chumba kile ni mjukuu wa Philip, Philip IV, mwaka 1654. Ni huyo huyo aliyekuwa mfalme wa Wareno mwaka 1631, Yusuf bin Hassan, sultani wa Mombasa, alipoingia Ngomeni akamuua kapteni wao. Binti hakuwa akijua. Nikamhadithia palepale, kwa sauti ya chini.

Michoro nitaipita upesi, kuna wajuzi wake. Maktaba siwezi. Dari lake la rangi limechorwa na Pellegrino Tibaldi, na vitabu vimepangwa migongo ikitazama ukutani, kingo za kurasa zilizopakwa dhahabu zikitazama nje. Humu ndimo zilimoletwa nyaraka za Mulay Zaydan, sultani wa Morocco. Mwaka 1612, katika vita vya ndani, alipakia maktaba yake kwenye meli ya Mfaransa. Nahodha hakulipwa nauli, akang'oa nanga na shehena yote, na njiani akakamatwa na meli za Hispania. Maelfu ya vitabu vya Kiarabu, vya dini, tiba na nyota. Moto wa 1671 uliteketeza sehemu kubwa ya nyaraka za Kiarabu. Zilizosalia zingali humo mlimani. Hiyo ndiyo iliyonikera siku nzima, kuliko hata ngome. Ngome walituachia.

Chakula cha mchana tulikula mjini, kimkate kinene cha viazi na mayai wanachokiita tortilla, kwa kuwa ndicho tulichohakikisha hakina nguruwe. Mji wenyewe ni wa kupendeza, mitaa ya mteremko na vibaraza vya wazee wanaocheza karata.

Mkienda, msiende Jumatatu. Chukueni sweta hata kiangazi, maana mji uko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari. Na pandeni basi la kutoka kituo cha Moncloa, Madrid, linawashusha juu, karibu na jumba. Goti langu lilichukua siku nne kupoa.